Siku Gari ya Bwana Gulamali Ilipokata Kushoto

Nyinyi mnaojifunza ufundi kwa kutazama simu, kabla sijaanza nijibuni swali moja: mkono wa kulia wa gari ni upi? Msicheke. Fundi mmoja alikuwa na miaka kumi na tisa ndani ya kazi na swali hili likamshinda mchana kweupe, mbele ya watu. Fundi huyo ni mimi.

Nimeweka spana chini mwaka wa tatu huu. Magoti hayataki tena kulala chini ya chesisi. Lakini nyumba yangu hapa mtaa wa Ng'ambo imepakana na gereji, na masikio bado mazima. Nyundo zenu nazisikia. Anayegonga nati mara sita bila kupumzika hajui kwa nini imekwama. Anayegonga mara moja, akanyamaza, akatia mafuta, akaenda kunywa chai, huyo nitamwozesha mjukuu wangu. Kwa sasa mjukuu wangu hana mchumba.

Mimi gereji niliingia kwa kukosa pa kwenda. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla mwaka haujatimia, nikabaki na wadogo zangu watatu, mimi nikiwa darasa la sita. Mwalimu alikuja nyumbani kuuliza kwa nini sionekani skuli. Akanikuta nimechutama nasonga ugali, wa mwisho nimemfunga mgongoni kwa kanga. Akatazama, akaagana, asiseme alichokuja kusema. Wiki ile ile nikaenda kwa Mzee Makame.

Mzee Makame ndiye aliyekuwa fundi mkuu. Mfupi, mkimya, na macho yameanza kuingia kiza, lakini injini akiisikia tu anakwambia silinda ipi haichomi. Mwaka mzima alinipa kazi moja: kuosha nati kwa mafuta ya taa. Siku niliyopewa plagi nizifunge, nikakaza kwa nguvu za mtu anayetaka kusifiwa, moja ikakatikia ndani. Hakunipiga, hakunitukana. Alinipa ile plagi iliyokatika, akaniambia niitie mfukoni, na kila nikitaka kukaza kitu kwa hamaki niiguse kwanza. Nilitembea nayo miaka. Suruali zangu zote za wakati ule mfuko wa kushoto ulikuwa na tundu.

Sasa huyo wa mgongoni ndiye Zuwena, na hadithi yenyewe ni yake.

Alipokuwa na miaka sita hivi, ulipita msafara wa harusi mtaani kwetu, beni mbele linapiga, bi harusi ndani ya gari inayong'aa. Zuwena akaniuliza, "Kaka, na mie nitatoka na gari gani?" Nilikuwa nimerudi kazini nimechoka, nikajibu bila kufikiri, "Gari kubwa kuliko hiyo." Watoto wengine husahau. Huyu hakusahau. Nikimkaripia kwa hesabu alizokosa, ananijibu, "Na gari yangu iko wapi?" Akasoma, akawa mwalimu, akachumbiwa na mwalimu mwenzake wa Jambiani, na siku waliyokuja wazee kuleta posa, alipopita kuingia chumbani alinitazama mara moja tu. Nikajua deni langu limefika.

Na mimi wakati huo nilikuwa na baiskeli.

Hapo ndipo anapoingia Bwana Gulamali. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Darajani, Muhindi wa Mji Mkongwe, babu yake na babu wa babu yake wamezikwa hapa hapa, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu. Ndugu yake aliyeko ng'ambo ya bahari alimpelekea gari ya Kimarekani kwa meli. Milango miwili, boneti refu unaweza kulilaza godoro juu yake. Injini iliyokuja nayo imekufa, lakini ndani ya sanduku la mbao, peke yake, ilikuja nyingine: silinda nane, nzito, imekaa kama fahali aliyelala.

"Fundi Khamis," akaniambia, "nataka hii iingie mle. Na usukani uhame kutoka kushoto uje kulia."

"Kulia kwa nini, Bwana Gulamali? Wenye magari kama haya wanaringia ule wa kushoto."

"Mama hataki kukaa kulia. Anasema maisha yake yote amekaa kushoto kwa dereva, hawezi uzeeni kukaa upande wa magari yanayokuja, awe kama dereva asiye na usukani."

Mama wa mtu akishasema, sisi mafundi hatuna rufaa. Nikamwambia habari ya harusi, maana tulikuwa tumezoeana. Akafikiri kidogo, akasema, "Ikitembea kabla ya Ijumaa ya harusi, bi harusi wetu ndiye wa kwanza kupanda. Isipotembea, Khamis, mimi sina la kufanya." Nilikuwa na wiki saba.

Kuitia injini kubwa mahali palipokuwa na ndogo, vijana, si nguvu. Nguvu mnazo, nakuoneni mnavyobeba gia boksi kifuani kama mtoto mchanga, mgongo mtaujua baadaye. Kazi yenyewe ni kupima. Tulichukua kasha la televisheni tukalikata kwa vipimo vya injini, upana, urefu, na kona zake zote, tukalishusha lile kasha kwanza ndani ya boneti. Karatasi ikigusa, haiumizi mtu. Tukaona feni itagusa radieta, tukaisogeza radieta mbele. Ndipo tukasimamisha mabomba matatu ya maji, tukayafunga juu kwa mnyororo, tukaininginiza injini. Anayeshusha ni mmoja na anayesema ni mmoja. Wakisema wawili, kidole cha mtu kitabaki ndani.

Halafu lile boneti. Utajuaje kama litafunga bila kugonga kichwa cha injini, na ukishalifunga huoni ndani? Siku hiyo Zuwena aliniletea chakula cha mchana.

"Umekuja na chapati?" nikamuuliza.

"Nnazo nne."

"Unga umebaki nyumbani?"

"Kaka, nne hazikutoshi?"

"Unga mbichi nnautaka. Donge moja."

Akaenda, akarudi na donge ndani ya bakuli, amekunja uso. Nikaliweka juu ya injini, pale palipoinuka kuliko kote, nikafunga boneti taratibu, nikafungua. Donge lilikuwa limebanwa limekuwa jembamba kama kucha. Zuwena akachungulia akasema, "Hiyo haiivi." Lakini nilishapata jibu langu: lazima injini ishuke vidole viwili.

Nikaishusha. Na hapa ndipo shetani wangu aliponisubiri, maana ukishusha juu, na chini pia kumeshuka. Stelingi ya kuhamishia kulia niliipata kwenye pikapu kuukuu iliyooza Fuoni, boksi lake zima zuri. Boksi la stelingi lina mkono chini yake, kipande cha chuma kama shubiri moja, ndio unaosukuma vijiti vinavyogeuza magurudumu. Kwenye ile pikapu mkono ulitazama mbele. Mimi nikiuweka utazame mbele, unagonga kona ya sampu, lile bakuli la mafuta chini ya injini, kwa sababu limeshuka vidole viwili. Nikakaa nikatazama. Ukiutoa mkono na kuurudisha unatazama nyuma, unapita bila kugusa kitu. Unakaa vizuri mno. Kitu kikikaa vizuri mno, vijana, ndio wakati wa kuogopa.

Mzee Makame siku hizo hakuwepo. Alikuwa Makunduchi kwa maziko ya dada yake. Ningemngoja, lakini Ijumaa ilikuwa ya wiki ile ile. Nikafunga mkono, nikakaza kila kitu, gari bado iko juu ya magogo. Nikamwambia Zuwena, aliyekuja tena na chakula, "Ingia kwenye usukani, nikisema kulia zungusha kulia." Akaingia kwa furaha, bi harusi wa siku nne zijazo na buibui lake. Mimi nikasimama mbele ya gari, natazamana nayo, mikono kiunoni kama bwana mkubwa.

"Kulia!"

Akazungusha. Magurudumu yakageuka upande wa mkono wangu wa kulia.

"Sawa! Kushoto!"

Yakageuka upande wa mkono wangu wa kushoto.

"Sawa kabisa," nikasema. "Tutakula sasa."

Nakuoneni baadhi yenu mshaelewa, na wengine mnatazama mikono yenu. Itazameni, hakuna aibu.

Siku ya Jumanne, baada ya sala ya adhuhuri, Bwana Gulamali alifika na Vespa yake kuijaribu. Gari ikawashwa. Sauti ile! Paka wa mtaa mzima walihama. Bwana Gulamali akakaa kushoto kwangu, mikono juu ya mapaja, anatabasamu kama mtoto wa Idi. Nikaitoa nje ya geti polepole, mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. Barabara ni upande wa kulia. Nikazungusha usukani kulia.

Gari ikaenda kushoto.

Kushoto pale palikuwa na baraza ya wazee wa dhumna, ule mchezo wa domino, na mbele ya baraza rundo la makumbi ya nazi ya mwenye kuuza kuni. Nikaona inakwenda kushoto, basi mimi, kwa akili zangu zote, nikazidi kuzungusha kulia. Nayo ikazidi kwenda kushoto. Wazee wakainuka na meza yao, wallahi sijui nani aliibeba, madhumna yakamwagika, na pua ya ile gari ikaingia ndani ya makumbi ikatulia, breki zangu zikiwa zimefika mwisho. Hakuna aliyeumia. Mzee mmoja akatoka nyuma ya nguzo, akaitazama gari, akaiinamia kwa adabu.

"Shikamoo," akaiambia.

"Ngoja jibu basi," mwenzake akamwambia kwa hasira. "Gari kubwa hiyo, itakujibu marahaba."

Bwana Gulamali aliteremka, akapukuta makumbi kwenye kioo. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. "Umeshtuka, Khamis," akasema. "Ni gari ya nguvu, hujaizoea. Nilijua."

Hapo, vijana, nilifunguliwa mlango. Ningeweza kusema ndiyo, nimeshtuka. Ningeirudisha ndani kinyumenyume na kutengeneza kimya kimya. Tena kuna mmoja wa wale wazee, dereva wa zamani, aliniambia pembeni, "Acha hivyo hivyo. Ni siku moja tu. Ukitaka kulia zungusha kushoto, mtu huzoea." Na nakwambieni kweli, kwa muda wa kikombe kimoja cha kahawa niliifikiria hiyo njia. Nikajiona nimo msituni Jozani, njia ya Jambiani, kona zile, kima wanakatiza barabara, mdogo wangu yuko nyuma na maua kichwani, na mimi nakumbuka kuwa kulia ni kushoto.

Nikamwambia Bwana Gulamali, "Sikushtuka. Nimefunga mkono wa stelingi kinyume. Kosa ni langu."

Akapukuta kumbi moja lililobaki. Halafu akasema, "Leo Jumanne."

"Naam."

"Basi mimi nakwenda dukani, nisije nikakuzuia."

Nikamtuma mtu kumwita Mzee Makame, aliyekuwa amerejea asubuhi ile. Alikuja na fimbo yake, akajilaza chini ya gari na umri ule, akapapasa kwa vidole. Akatoka.

"Uliijaribu?"

"Niliijaribu, mzee. Magurudumu yalikwenda kulia."

"Ulisimama wapi?"

"Mbele."

"Ukitazama wapi?"

Nikaitazama mikono yangu. Nilikuwa nshaona.

"Basi umefunga stelingi ya mtu anayekuja," akasema Mzee Makame. "Sisi tunataka ya mtu anayekwenda."

Kwa ambao bado hawajaelewa, chukueni kijiko mkishike katikati. Ncha ya mbele ikienda kushoto, ya nyuma inakwenda kulia. Mkono wa stelingi ni hivyo hivyo: ukiugeuza kutoka mbele kwenda nyuma, amri yote imegeuka. Mimi nilijua hayo. Nilijua tangu utotoni. Lakini mtu akiwa na haraka na jibu analipenda, anasimama pale ambapo jibu litamfurahisha.

Dawa ilikuwa moja, kuurudisha mkono utazame mbele, na ile kona ya sampu iondoke. Tukamwaga mafuta, tukaishusha sampu, tukakata kona, tukachomea bati nene mahali pake. Halafu ukaguzi wa Mzee Makame: tukaipaka chokaa kwa nje, ikakauka, tukamimina mafuta ya taa ndani, tukangoja saa nzima. Mafuta ya taa hupenya pasipopenya kitu, chokaa ikilowa unajua pana tundu. Palilowa mahali pawili. Tukachomea tena. Jumatano ikaisha hivyo. Alhamisi tukafunga, tukahesabu mizunguko ya usukani kutoka mwisho hadi mwisho, tukarudisha nusu ili uwe katikati, tukanyoosha magurudumu kwa uzi. Mzee Makame akanikalisha kwenye kiti cha dereva, akatia alama ya chaki kwenye tairi, akaenda kusimama nyuma ya gari, akitazama ninakotazama mimi. Tulirudia mara kumi. Kabla ya magharibi nilizunguka nayo Mwanakwerekwe na kurudi. Wazee wa dhumna walihamisha meza waliposikia sauti tu.

Zuwena nilimweleza mwenyewe, Jumanne ile ile. Sikutaka asikie mtaani. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo mimi nilizungusha sawa?"

"Ulizungusha sawa."

"Aliyekosea ni wewe."

"Ni mimi."

"Hesabu zangu ulikuwa ukizisahihisha hivi hivi?"

Nikacheka. Lakini alipogeuka niliona mabega yake yameshuka, na nikajua hacheki. Nilikuwa nimemlea mtu huyu kwa neno moja tu: nikisema kitu kiko sawa, kiko sawa. Ndilo nililokuwa nalo nyumbani, hatukuwa na kingine.

Ijumaa nikamwozesha. Baba hayupo, walii ni mimi. Niliisugua mikono kwa sabuni ya unga na mchanga tangu alfajiri, na bado niliposhikana mkono na bwana harusi msikitini nilimwachia alama nyeusi kwenye kidole. Anayo mpaka leo kwenye picha.

Alasiri tukafika kumtoa bi harusi. Gari inang'aa, utepe kwenye boneti, Bwana Gulamali amesimama kando na kanzu ya hariri kama yeye ndiye mwenye mtoto. Wanawake wa Jambiani wamejaa uchochoroni, vigelegele. Zuwena akatoka, hina mpaka kwenye viwiko, akafika mlangoni mwa gari, akasimama.

Hakupanda.

"Kaka," akasema kwa sauti ya mwalimu, "kaa kwenye usukani."

Nikakaa. Yeye akainua nguo yake kwa mikono miwili, akazunguka, akaenda kusimama nyuma ya gari, anatazama ninakotazama. Vigelegele vikakatika. Akapiga kelele, "Kulia!"

Nikazungusha. Akainama pembeni, na maua yake na dhahabu yake, akatazama gurudumu.

"Kushoto!"

Nikazungusha. Nilihisi jasho likinishuka mgongoni kama siku ya mtihani ambao sikuwahi kuufanya.

Mama mkwe wake, bibi wa Jambiani, akamuuliza mwanamke wa mtaani kwetu, "Hii mila gani? Kwetu hatuna." Na yule mwanamke, kwa kutuficha aibu, akamjibu palepale, "Ndiyo mila ya mjini, bibi. Bi harusi hapandi mpaka gari iitike."

"Alaa," akasema bibi.

Zuwena akarudi mlangoni, akanitazama, na safari hii alicheka. "Imeitika," akasema. Kisha akauliza mlango wa nyuma uko wapi, tukamwambia haupo, tukainamisha kiti cha mbele, ikachukua wanawake wanne na dua nyingi kumwingiza. Tulifika Jambiani salama. Kima walikatiza Jozani, nikakata kulia, gari ikaenda kulia, na nyuma yangu nikasikia mtu anasema polepole, "Naam."

Mwezi uliopita binti wa Zuwena naye aliolewa, huko huko Jambiani. Gari ilikuwa ya siku hizi, nyeupe, haina hata sauti. Nilikaa na wanaume wenzangu, nikaona bi harusi ametoka, amefika mlangoni, amesimama. Shangazi yake mmoja akaenda kusimama nyuma ya gari akaita, "Kulia!" Dereva, kijana kama nyinyi, akazungusha bila kushangaa. Jirani yangu akaniegemea akaniambia, "Mila yetu hiyo, mzee, ya zamani sana. Gari lazima iitike."

Nikainuka nikasogea nione vizuri. Nikatazama gurudumu, na moyo ukaruka.

"Simama!" nikapiga kelele. "Inakwenda kushoto!"

Watu wote wakanigeukia. Zuwena, mvi zimemtoka sasa, akanitazama kutoka ng'ambo ya boneti, mkono kiunoni.

"Kaka," akasema, "umesimama wapi?"

Nikatazama miguu yangu. Nikazunguka, mbele ya watu wote wa Jambiani, nikaenda kusimama nyuma.